Uongo Mmoja Unatosha: Maswali Yenu Kuhusu Filamu za Mgeni wa Angani

Toleo lililopita tulisema kwamba filamu ya vichekesho yenye mgeni kutoka sayari nyingine inaweza kupigwa Kigoma kwa simu, maboksi na subira, na ikabeba ujumbe wa mazingira bila kumchosha mtu. Barua zilizofuata zimejaa roboti. Tunajibu zile zenye matatizo yanayowapata wengi. Walioomba tuwatafutie mfadhili watuwie radhi.

Sisi ni vijana sita wa Kibirizi. Skripti yetu ni ya dakika kumi na mbili: mgeni wa sayari iliyokauka anatua ziwani kutafuta maji, anakuta chupa na nyavu zilizotupwa. Mwanzo watu wanacheka, lakini tukifika ukurasa wa tisa kila msikilizaji anasema imegeuka mkutano wa hadhara. Turekebishe wapi?

Ukurasa wa tisa bila shaka ndipo mgeni anaposimama kwenye jiwe na kuanza kuhutubia. Ufuteni wote, msiupunguze.

Filamu ya namna hii inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa: kwamba mgeni yupo. Mtazamaji akishaumeza huo, kila kinachobaki kiwe kweli tupu, kuanzia mizani ya dagaa na foleni ya bombani hadi karani anayetafuta muhuri chini ya makaratasi. Kicheko kinazaliwa pale uongo huo unapogongana na mambo ambayo mtazamaji anayajua kama kiganja chake. Mkiongeza uongo wa pili, mgeni akawa pia anasoma mawazo ya watu na kupaa bila chombo, hakuna tena kinachoweza kumkwamisha, na asiyekwama hachekeshi.

Mpeni haja moja ndogo. Anataka ndoo ya lita 20, basi. Lakini Ziwa Tanganyika lina wenyewe wanne: Kongo ina asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6, na mkataba wa kulitunza kwa pamoja walitia saini Dar es Salaam mwaka 2003. Karani wenu mpenda hesabu anavuta kikokotoo. "Kwenye ndoo yako, bwana, lita 9 ni za Kongo, 8.2 za kwetu, 1.6 za Burundi, na 1.2 za Zambia. Fomu nne. Picha za pasipoti unazo?" Mgeni hana hata uso unaoeleweka, hizo picha atapigwaje?

Wakati anasubiri muhuri wa pili, nyuma yake, mbali kidogo na bila neno lolote, kijana anaosha pikipiki ndani ya maji hayohayo na oili inatambaa kuelekea kwenye ndoo. Kamera isimsogelee kijana. Mgeni aangalie fomu zake, aangalie oili, aangalie tena fomu. Sekunde nne zinatosha, na hotuba ya ukurasa wa tisa imeshasemwa.

Kuna kichekesho kingine ambacho sheria imewaandalia bure. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini, hata msafiri anayetoka nje anatakiwa kuiacha anapoingia. Mgeni amevuka anga akiwa na kila alichonacho ndani ya mfuko wa plastiki, na jambo la kwanza duniani ni kuombwa ausalimishe. Ila mkishaweka tukio hilo, msije mkaonyesha mama sokoni akifungia nyanya kwenye mfuko wa aina hiyohiyo. Huo utakuwa uongo wa pili, na watu watauona.

Kuhusu urefu, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa skripti huchukua kama dakika moja kwenye filamu, kwa hiyo kumi na mbili ni kumi na mbili, msijidanganye kwa herufi ndogo. Halafu pitieni mkitafuta "inatubidi", "jamani tutunze" na "kizazi kijacho". Kila tukio lenye maneno hayo lisomeni bila maneno hayo. Likieleweka, kateni maneno hayo. Lisipoeleweka, tukio ndilo bovu.

Mimi ni fundi cherehani, Gungu. Nimeombwa kutengeneza vazi la roboti. La kwanza walilitengeneza wenyewe kwa maboksi, lile povu jeupe la kufungia televisheni, na gundi ya moto. Rangi ya kunyunyiza ililila povu, mikono ikadondoka saa sita mchana, na kijana aliyekuwa ndani nusura azimie. Nianzie wapi?

Mama, makosa yote matatu yana chanzo kinachojulikana. Kimiminika kinachoibeba rangi ya kopo huyeyusha povu lile, kwa hiyo kabla ya kunyunyiza lipake gundi nyeupe ya mbao mara mbili, kila tabaka la gundi likauke kwanza. Gundi ya moto nayo huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na kitu cheusi kikianikwa kwenye mchanga wa Kibirizi mchana kinafika huko. Itumie kushikiza mapambo tu. Viungo vinavyobeba uzito, yaani bega, kiwiko na shingo, vifunge kwa waya laini wa kufungia nondo, kisha ufunike kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo unampa kijana nafasi ya kukunja mkono, na kwenye picha unaonekana kama kiungo cha mashine kweli.

Kichwa usikishone. Tafuta dumu la njano la lita 20 lililokuwa na mawese, Kigoma hukosi. Lisugue kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara mbili, ulisuuze kwa maji ya majivu, ulianike wazi siku mbili. Mafuta yakibaki, hakuna gundi wala rangi itakayoshika, na harufu itamkaa kijana puani kutwa nzima. Kata kitako chote kwa msumeno wa chuma. Ukitumia kisu cha moto utavuta moshi wa plastiki. Ukingo uvishe mpira wa baiskeli uliopasuliwa, la sivyo utamchuna shingo. Ndani bandika sponji ya godoro ya sentimita 3 sehemu tatu, paji la uso na juu ya masikio mawili. Usizungushe sponji kichwa kizima, maana hewa itakosa pa kupita.

Hapo kwenye hewa ndipo yule mwingine aliponusurika kuzimia. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo matundu ya mdomoni peke yake hayasaidii. Toboa kumi na mawili kisogoni upande wa juu, kila moja upana wa kidole gumba, na chini acha shingo wazi. Hata hivyo asikae ndani zaidi ya dakika kumi kwa mara moja. Mpangie mtu mmoja kazi ya kumvua kichwa na kumpa maji, na asiwe mpiga picha, kwa sababu mpiga picha husahau.

Rangi ya fedha juu ya dumu hutoka kama magamba hata ukipiga msasa, kwa kuwa plastiki ile haishikani na rangi. Bandika foili ya jikoni kwa gundi ya fundi viatu, uikunjekunje kwanza ili mikunjo ivunje mng'ao. Gundi hiyo ina mvuke mkali, kwa hiyo kichwa kilale nje usiku mzima kabla ya kuvaliwa.

Kwa macho, chukua mita moja ya taa za utepe za volti 5 na pawabenki mgongoni. Ukikata sentimita 20 tu, zitawaka kidogo na kuzima, ukidhani waya umekatika. Pawabenki nyingi hujizima zinapoona umeme unaotumika ni mdogo mno, zikidhani simu imejaa. Iache mita nzima, inayozidi izungushe ndani ya kichwa.

Na foili yoyote itakayobanduka iokotwe kabla ya kuondoka ufukweni. Roboti wa mazingira aliyeacha magamba ziwani atakuwa kichekesho ambacho hamkukipanga.

Naandika kutoka Ujiji. Nataka taa za wavuvi wa dagaa usiku zionekane kama kundi la vyombo vya angani. Kwa macho inapendeza sana, kwenye simu napata madoa ya njano yanayotetemeka. Nimejaribu mara tatu.

Kwanza angalia mwezi. Dagaa hufuata taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa taa hazivuti, na wavuvi wengi hupumzika. Panga kazi yako siku chache kabla na baada ya mwezi mwandamo. Ulizia pia mwaloni, wanakotua wavuvi, kama uvuvi uko wazi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyekuja na kamera miezi hiyo alikuta giza tupu.

Madoa yanatokana na simu kujiamulia mambo. Tumia programu ya kamera yenye mpangilio wa mkono. Weka picha 25 kwa sekunde, kasi ya 1/50, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 800 na 1600, na fokasi ifunge mbali kabisa. Ukiiacha otomatiki itapapasa gizani ikitafuta kitu cha kushika, na huko ndiko kutetemeka unakokuona. Kwa taa ya karabai, mizani ya rangi ya mwanga (kelvin) iweke karibu na 3200, na kama mitumbwi ina taa nyeupe za sola, 5000. Simu ikae kwenye stendi, na uanze kurekodi kwa kipima muda ili kidole kisiitikise.

Saa ni muhimu kuliko simu. Kigoma jua huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa moja jioni. Dakika ya 15 hadi ya 30 baada ya hapo anga bado ni ya buluu nzito na taa zimeshawaka. Baadaye utapata nukta nyeupe kwenye karatasi nyeusi.

Sasa ujanja wenyewe. Panda mahali pa juu, jaza fremu kwa maji tu, usiingize upeo wala mlima, kisha kwenye uhariri igeuze picha kichwa chini, miguu juu. Kila taa juu ya maji ina mchirizi wa mwanga unaokuja upande wako. Ukiigeuza, mchirizi unahamia juu ya taa, na macho yanasoma kitu kinachoshuka kikiacha mkia. Kundi zima linatua Kigoma bila kompyuta kuchora hata nukta moja.

Usikodi mtumbwi kuwafuata wavuvi na kuwamulika. Taa yako itawatawanyia samaki waliowaita kwa saa nzima, na watakachokuambia hakitafaa kwa watoto.

Mimi ni mwanafunzi, Katubuka. Kwenye hadithi yetu chini kabisa ya ziwa kuna mji wa samaki wenye akili, na mgeni anauzamia. Mwalimu wa fizikia anasema haiwezekani. Tubadilishe?

Mwalimu ana haki, na ukweli wake unachekesha kuliko mji wenu. Ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini oksijeni inaishia mita 100 hadi 200 hivi kutoka juu. Chini ya hapo ni giza, maji ya nyuzi kama 23, na gesi yenye harufu ya yai viza. Sakafuni kabisa kila sentimita ya mraba inabeba takriban kilo 147, kwa hiyo chombo chenu cha chupa za plastiki kingekuwa chapati kabla ya robo ya safari.

Basi mgeni asihitaji oksijeni. Ameambiwa ziwa limejaa, akashuka na kukuta zaidi ya kilomita moja ya viwanja vitupu, bila mpangaji, bila dalali, na harufu inayomkumbusha kwao. Anapanda juu kuuliza kwa nini kila mtu amebanana kwenye ghorofa ya juu. Swali hilo ndilo somo lenyewe. Dagaa, migebuka, kuhe, wote wanaishi kwenye tabaka jembamba juu, na kila kinachotupwa ufukweni kinaangukia sebuleni kwao.

Kuna la ziada kwa atakayetaka kulichimba. Chakula cha viumbe wadogo, yaani virutubisho, kimelala chini, na upepo ndio unaokikoroga kije juu. Maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi zaidi kuliko ya chini, tabaka mbili zinakataa kuchanganyika, chakula kinabaki shimoni na dagaa wanapungua. Mnaweza kulionyesha jikoni: chai ya maziwa yenye sukari iliyokaa chini na mtu asiye na kijiko. Mgeni anaonja juu, anasema haina sukari. Msieleze zaidi.

Kupiga picha za chini ya maji hamhitaji kuzama. Wekeni tanki la kioo la samaki lenye maji, urefu wa sentimita 60, mbele ya kamera, na mwigizaji asimame nyuma yake pakavu. Matone mawili matatu ya maziwa yanatosha kuyatia maji ukungu. Kijiko kizima kitawapa uji. Mwanga unaocheza ukutani unatoka kwenye beseni la maji lenye kioo cha kujitazamia chini, likiwekwa juani na kutikiswa kidogo.

Huku Tabora tuna klabu ya mazingira shuleni. Tumeandika roboti-nyuki kutoka mwaka 2150 anayekuja kutafuta maua ya mwisho ya miyombo. Tunataka kupiga picha karibu na mizinga halisi. Tahadhari gani?

Mwalimu, mizinga halisi ipigwe kutoka mbali, na waigizaji wacheze kwenye mzinga mtupu. Nyuki wetu hukasirishwa na nguo nyeusi au zenye manyoya, jasho, manukato na mtetemo, kwa hiyo jenereta na droni visikaribie. Roboti wenu mumfanye mweupe. Msile ndizi kabla ya kwenda, maana harufu yake inafanana na ile wanayotoa nyuki kuitana vitani. Mkitaka picha za usiku tumieni taa nyekundu, rangi ambayo nyuki haioni. Mrina asali mwenye bomba la moshi awepo muda wote, na waulizeni wazazi mapema nani anazidiwa akiumwa na nyuki.

Hadithi yenu ni nzuri, ila haina kosa la kuchekesha. Tunalipendekeza hili: roboti ameambiwa kwamba penye moshi ndipo pana asali. Anafika Tabora, anaona moshi wa bani la kukaushia tumbaku, anajipanga kwa heshima mlangoni na kikombe chake. Nyuma ya bani kuna rundo la kuni, na katika rundo hilo kuna gogo ambalo bado lina mzinga.

Sauti! Upepo wa ziwa unameza maneno yote.

Upepo mara nyingi hutulia alfajiri, rekodini maneno kabla ya saa tatu asubuhi. Maiki ya kubana shatini ivisheni sponji, na juu yake kipande cha manyoya ya mwanasesere wa zamani, ikae kama sentimita 20 chini ya kidevu. Kila mahali rekodini sekunde 30 za ukimya wa pale bila mtu kusema. Bila hizo kila mkato utasikika kama mlango unaofungwa. Roboti mwenyewe aongee akiwa ndani ya dumu na maiki ikiwa humohumo. Mwangwi ule programu za simu hazijauweza.

Vibali ni lazima kwa filamu fupi ya simu?

Ndiyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 haitofautishi simu na kamera kubwa. Anzeni kwa ofisa utamaduni wa manispaa, atawaelekeza Bodi ya Filamu. Droni ina utaratibu wake kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na bandarini au stesheni ya reli msitoe kamera kabla ya kuongea na wahusika. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na kibali chake hutolewa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Lakini roboti wenu abaki Kibirizi. Sokwe wanaambukizwa mafua yetu, watu hutakiwa kuvaa barakoa na kukaa nao mbali, na hakuna aliyewahi kumweleza sokwe kwamba dumu linalotembea ni utani.

Vijana wa Kibirizi tena: mwisho, mgeni apate maji au asipate?

Apate mihuri mitatu. Ofisi ya nne imefungwa, karani kaenda msibani. Kwa kuwa mgeni ni mwaminifu, afike ufukweni, apime lita 1.2 kwa kikombe, aimwage irudi ziwani, aondoke na 18.8. Umwagaji huo upigwe karibu kabisa, simu ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye kikombe, usawa wa maji, jua likiwa nyuma ya maji ili yang'ae. Chukueni mara tano, kwa sababu mara tatu za kwanza mkono wa mpira wa baiskeli utatikisika na kumwaga zaidi ya haki ya Zambia.